Samaki Hakuungua

Hepi,

Yule samaki wako, mgebuka, yupo mezani, nimemfunikia bakuli. Kula na ugali, kichwa mwachie baba yako. Mwandiko unisamehe, vidole vimevimba, kalamu naishika kama mwiko.

Nimekwenda hospitali na Mama Bariki, kwa bodaboda. ~~Baba usimwambie.~~ Mwambie, ila ale kwanza.

Asubuhi nilikufokea mbele ya wapangaji kwamba umeunguza samaki kwa kuchezea simu. Ukaapa hajaungua. Nikakwambia usinijibu, ukaenda shule hata chai hujanywa.

Ulipoondoka nikamgeuza yule samaki huku na huku. Hana hata doa. Na harufu ya kuungua bado ipo, kila ninapokwenda inanifuata.

Si unajua viatu sivai siku hizi, vinanibana viungo vya vidole. Nikakaa, nikainua mguu. Kaa la moto lililodondoka jikoni limeganda kwenye wayo! Nilisimama juu yake muda wote nikikufokea, wala sikusikia kitu. Kifundo cha mguu huohuo kimeniliza wiki nzima, lakini wayo unaungua na wala hauniambii.

Maumivu nimeyazoea, mwanangu. Hapa pasipouma ndipo panaponitisha. Shangazi Marsiana, na sukari yake, alianza hivihivi, akarudi na mguu mmoja.

Nisamehe. Wakiniruhusu kurudi, utanikagua nyayo kila jioni, maana zenyewe haziniambii tena. Na ukiona kitu, Hepi, nijibu. Hata nikifoka.

Mama