Sikio la Jimmi

Kaka yangu Omondi,

Hali yako siulizi, maana waliokuona Migori wanasema umenenepa na una mke. Nimekuja na habari ya sikio.

Unaikumbuka siku ulipoondoka hapa Rangwe? Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na wewe ulikuwa husikii la mtu kwa ajili ya mbwa. Jike letu lilikuwa limezaa na yule mbwa wa mapadri, wa aina ile ya mbwa wa polisi. Watu walitaka mbwa wa masikio yaliyosimama, eti ndiye anayesikia mwizi, na wengine waliyakata ya mbwa wao kwa wembe ili yasimame. Hilo lilikuudhi mpaka ukagombana na majirani. Ukatia watoto wa mbwa kwenye kikapu uende kuwauza Migori, ukamwacha Jimmi, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limelala.

"Atieno, huyu usipatie mtu," uliniambia. "Hiyo sikio ikisimama, nakuja kumchukua."

Basi nikawa mtumwa wa sikio. Nililifunga kwa maganda ya mahindi na plasta, Jimmi akatikisa kichwa, vyote vikaruka. Nilimchemshia vichwa vya samaki mbuta apate nguvu. Mama naye, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alimwita kila asubuhi akampapasa kichwani. "Bado," alisema, kisha akaenda kuwasha moto. Jimmi alikua, akawa mkali, akazeeka, na mwaka jana tukamzika nyuma ya zizi. Sikio lilikuwa limelala vilevile.

Juzi mjukuu wa Jimmi aliletwa hapa nyumbani. Nikambonyeza shina la sikio kwa vidole viwili, jinsi ulivyonifundisha, na hapo hasira ikanipanda hadi nikakaa chini. Nilikumbuka soko la Ndhiwa, Omondi. Ulikuwa unaweza kufumba macho, ukashika sikio, ukataja mbwa: la kusimama na lenye ncha kali, la kukunjika juu kama kola ya shati, refu la kuning'inia shavuni la mbwa wa kunusa, dogo la kulala nyuma la mbwa wa mbio. Siku hiyo mzee mmoja alikuletea mtoto wa mbwa umtazamie.

"Hii haiwezi simama, mzee," ulimwambia. "Shika hapa kwa shina, ona venye ni nyepesi. Hata ufunge na waya."

La Jimmi lilikuwa jepesi kama jani la sukuma wiki. Na ulilishika kabla ya kuondoka. Nilikuona ukilibonyeza, ukiwa umeinama pale mlangoni, kisha ukaniangalia usoni ukaniahidi.

Kwa nini hukusema tu kwamba hurudi? Mama angelia, angenyamaza, tungeendelea na maisha. Badala yake ulituachia mbwa wa kumsubiri. Nimechoka, kaka. Nimechoka kuwajibu watu wanaoniuliza utakuja lini, na nimechoka zaidi kukutetea. Mtu akitoka Migori asubuhi, chakula cha mchana anakila hapa.

Nilijiapiza kwamba Mama sitamwambia. Jana asubuhi akamwita huyu mdogo, ambaye masikio yake yote mawili yamelala, akampakata. Siku hizi haoni kitu. Nikamwona akibonyeza shina, pole pole, kama wewe. Sijui ni nani alimfundisha mwenzake.

"Hii haiwezi simama," akasema.

Nikamsogelea.

"Hata ile ya Jimmi haingesimama. Nilijua tangu siku ile ya kwanza." Akaendelea kumpapasa. "Mwambie aje tu."

Nimekwambia.

Dada yako,
Atieno