Majina Uliyoondoka Nayo, Baba Wilfred

Leo unatimia mwaka tangu ututoke, baba yetu Wilfred Mwakajila, na bado tunakutafuta kwa maswali.

Tunakukumbuka ukipiga pasi shati lako mwenyewe, hata mama alipokunyang'anya pasi. Mgonjwa wa mbali akija kutibiwa hospitali ya Tumbi na hana pa kulala, ulimpa kitanda chetu, sisi tukalala mkekani. Tulinuna, na hukujali. Jirani akipewa barua ya kazi, ulimkataza kusaini mpaka uisome mara mbili.

Miaka kumi na sita ulichimba makaa ya mawe kule kusini, na zamu yenu ndiyo iliyoanzisha tawi la chama cha wafanyakazi pale mgodini. Lilitokana na wimbo. Mkitoka shimoni uliimba jina la kila mmoja, naye akaitikia kwa mstari wake. Asipoitikia mtu, wimbo unasimama na hakuna anayepanda lori. Siku nyapara alipowaamuru mwondoke wakati Ashrafu hajaitikia, mliketi chini zamu nzima mpaka akatolewa, mguu umevunjika lakini yu hai. Baada ya hapo mkaanza kudai taa nzuri na barakoa za vumbi.

Nyumbani ulitaka tukuitikie sisi. Tulijifunza majina kumi na tisa ya mwanzo, kisha tukachoka. Krismasi yako ya mwisho Atupele alikurekodi kwa simu. Baada ya jina la kumi na tisa umenyamaza, na Brighton anasikika akisema, "Baba, si uendelee tu?"

"Niendeleeje, na mtu hajaitikia?"

Kisha mama anatuita kula pilau, na rekodi inakatika. Tumeisikiliza mpaka tunaichukia.

Maana rafiki yako Mzee Khalfani wa Msimbu anakohoa vumbi lile hadi leo. Ili apimwe na kutibiwa mapafu kama mchimbaji wa zamani, anatakiwa athibitishe kwamba alifanya kazi mgodini, na daftari la mgodi halionekani. Tumepigwa danadana kutoka dirisha hili hadi lile, njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi. Mwishowe karani mmoja akasema atapokea orodha ya zamu nzima, ikithibitishwa na waliobaki. Orodha hiyo ulikuwa nayo wewe kichwani.

Tulimfuata Mzee Khalfani shambani kwake tukamwomba aumalizie wimbo. Akatikisa kichwa.

"Wanangu, mimi namjua aliyeitwa kabla yangu, Mwinyimadi, basi. Nikisikia jina lake najiweka tayari. Wote alikuwa nao baba yenu."

Ungetuandikia, baba. Mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Ulisema wimbo wa kazi haufungiwi kabatini, na ubishi wako tuliuheshimu, ila kwa hili ulikosea. Sisi tulikosea zaidi. Kuitikia jina la mtu kulikuwa na uzito gani, hata tukakuona unatuchelewesha mezani?

Kwa hiyo tunawaomba wanaosoma hapa: yeyote aliyekuwa zamu ile, au mjane wake, au mtoto aliyemsikia akisimulia, atuambie nani aliitwa kabla yake. Jina moja tu. Majina yalikuwa thelathini na manane, nasi tunayo ishirini na moja, ukihesabu la Mzee Khalfani na la Mwinyimadi. Tupo Kibaha, ukifika Tumbi ulizia kwa Mama Atupele.

Unakumbukwa na mkeo Margareth. Wanao Atupele, Brighton na Efrazia. Wakwe zako na wajukuu. Na Mzee Khalfani, ambaye juzi alianza safari ya kuja kwetu akarudia njiani kwa kukosa pumzi.

Tutakukumbuka siku zote, baba, hata leo tunapokukasirikia.