Jogoo wa Mama Mkwe Anakoroma

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi. Mama mkwe alinizawadia jogoo mwekundu, mkubwa, na alipomtoa kwenye kapu jogoo akapiga chafya, nikasema labda ni vumbi, nikamwachia humohumo bandani na matetea wangu kwa sababu mama alikuwa amesimama pale anatazama nitampokeaje, na kabla ya wiki kwisha banda zima likawa linakoroma kama bweni la askari, macho yamevimba, kamasi zinatoka, matetea wawili wakafa, waliobaki nikawawekea kwenye maji vidonge vya kifua vya mume wangu, sasa wanakula vizuri, ila jogoo bado anakoroma asubuhi. Mama huja kila Jumapili kumjulia hali na huniambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo sauti ya dume." Mume wangu anasema, "Mambo ya jogoo wa mama, mimi simo." Sasa wifi yangu anakuja Jumamosi kuchukua matetea wanne aanze ufugaji, ameshajenga banda, ameuza na cherehani, nami naona haya kumweleza. Niwatoe tu, maadamu wamepona?

Mke wa Asiyekuwamo

Pole kwa matetea wawili. Pole yangu inaishia hapo. Kuku mgeni hutengwa wiki kadhaa, hata akiletwa na nani. Wewe ulisikia chafya ukaona vumbi, kwa kuwa mkwe alikuwa anakutazama. Vidonge mrudishie mumeo, yeye ndiye aliyeandikiwa.

"Wamepona" unasema wewe. Kuku aliyeugua mafua anaweza kubaki na ugonjwa na kuwaambukiza wenzake huku anadonoa kwa raha. Ukimpa wifi yako hao wanne, utamfanyia kile mama yake alichokufanyia, tofauti ni kwamba mama hakujua.

Mpigie wifi leo, si Ijumaa. Aanze na vifaranga waliochanjwa, na akija akae sebuleni; ugonjwa husafiri na viatu, kwa hiyo vyako vya bandani viache bandani. Mtenge jogoo. Mwite daktari wa mifugo awapime, maana magonjwa mengi hukoroma vilevile, na mengine humpata hata mfugaji. Mpaka aseme, kuku asiingie wala kutoka. Wakianza kufa kwa wingi, usile, usiuze, usiwaguse kwa mikono mitupu.

Jumapili, mumeo akiwa amekaa hapohapo, sema: "Mama, jogoo alikuja anaumwa, nami nikanyamaza." Atanuna. Mpe kiti anunie. Kununa hakuui kuku.