Sauti ya Kaka Nyuma ya Mlango

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na shangazi hakuchokozi sana. Sisi ni wazima. Mke wangu anakusalimu, na mtoto ameota jino la pili. Anauma kila kitu, hata mimi.

Mama, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Bendi yetu inatafuta mpiga tarumbeta. Juzi waliokuja kujaribiwa walipigia chumba cha pili, mimi nikiwa ukumbini nakaza ngoma zangu. Wote walipiga wimbo uleule, kwa tarumbeta ileile ya bendi. Kisha akaanza mmoja, nikaiacha ngoma. Ile sauti, mama! Ina mkwaruzo kidogo mwanzoni, kama mtu aliyeamshwa usingizini, halafu inafunguka, inakuwa na joto. Alikuwa ni Kaka. Tulimzika kwa mikono yetu, naye anapiga nyuma ya mlango.

Kiongozi wa bendi, aliyepiga na Kaka tangu ujana wao, alitoka humo chumbani ameshika ukuta. Akaniuliza kama nasikia anachosikia yeye. Nikaenda mlangoni.

Nilipofungua mlango nikamkuta msichana. Alishusha tarumbeta akatabasamu, nikauona mwanya wetu, ule unaosema tumeurithi kwa baba yako. Nikamuuliza nani kamfundisha kupiga vile. Akasema hakuna, mwalimu wake wa shule alimgombeza kila siku auondoe huo mkwaruzo, ukakataa kutoka. Na baba yake? Alifariki yeye akiwa bado tumboni. Anachojua ni kwamba alipiga tarumbeta, na kwamba kwao huyo baba hawakuwahi kuambiwa habari za mimba.

Jana nilikwenda kumwona mama yake. Akanionyesha picha. Ni Kaka, amevaa lile shati ulilomshonea wewe. Una mjukuu, mama, binti mzima.

Lakini kuna jambo limeninyima raha. Binti aliniuliza baba yake alikuwa akiongeaje, hivi hivi tu nyumbani, akiomba chumvi mezani. Nikafungua mdomo nimwigize, hakikutoka kitu. Tarumbeta ya Kaka naitambua hata katikati ya kelele za soko, ila sauti yake ya kuongea imenitoka yote. Tangu jana naitafuta, siipati.

Jumamosi namleta kwako. Kama wewe bado unayo, mama, usimsimulie. Ongea kama Kaka, tusikie sote wawili.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba