Mashine Mbili Zilizowaka Pamoja

Jumamosi, Mjimwema. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Nimeaibika. Niseme hivyo kwanza.

Leo nilikuwa Makambako, kwenye mashine ya Mzee Salumu. Ana mota mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Umeme wake hauzibebi zikiwashwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila siku anawasha ya kukoboa, anasubiri ichanganye mwendo, ndipo anawasha ya kusaga. Niliomba saketi yangu ifanye kazi hiyo. Wenye mashine wengine walinikatalia. Yeye peke yake alisema, "Njoo mwanangu, tujaribu." Nikajiapia kwamba ikishindikana pale, naiacha fani hii ya kubuni saketi, nakwenda kufundisha kuchapa kwa kompyuta kama shangazi anavyotaka.

Saketi yenyewe sikuichomelea waya kwa waya. Niliieleza kwa maandishi, kwa lugha ya Verilog, kisha programu ikayageuza kuwa saketi ndani ya chipu. Niliandika: washa ya kwanza, subiri sekunde kumi, washa ya pili. Kwenye majaribio ya kompyuta ilisubiri vizuri kabisa.

Kumbe ule mstari wa kusubiri ni wa majaribio tu. Programu inauruka inapotengeneza saketi yenyewe.

Na iliniambia.

Hilo ndilo linaloniuma. Iliniandikia onyo la njano, nikaliona, nikalipita, kwa sababu maonyo huwa mengi na nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Mzee Salumu alisema bismillahi, akabonyeza swichi. Mota zote mbili ziliunguruma kwa pamoja, kisha kimya. Fyuzi ya nguzoni ilikatika, mtaa mzima ukakosa umeme. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakajitwika mahindi yao wakaondoka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mzee aliifungua bodi yangu yenye ile chipu kutoka kwenye mashine, akaifuta unga kwa kanzu yake, akanikabidhi. "Pole, mwanangu. Mimi nitaendelea kuwasha kwa mkono."

Mama ameniuliza imekwendaje. Nimemjibu kwamba umeme ulikatika.

Jioni hii nimeufuta ule mstari, nikaandika kihesabio kinachohesabu mapigo ya saa ya chipu. Safari hii nimesoma kila onyo. Kwenye kompyuta inasubiri sekunde kumi, vizuri kabisa.

Jana pia ilisubiri.

Shangazi anataka jibu Jumatatu. Kabla sijampa, ninajiuliza moja tu: ni nani atakayekubali tena kubonyeza swichi kwa sababu mimi nimesema iko tayari?