Mafuta Niliyompikia Semeni

Jumapili, 3 Juni 1962

Mimi Uweso nimezaliwa na bahati ya ngozi! Nimeendesha lori la jeshi, nimefika Mombasa, Kolombo, mpaka vitani Bama. Nimeona wanaume wenye nyuso kama bati lililopigwa mawe. Mimi sijatokwa na chunusi hata moja. Hata moja!

Leo nimekuna nazi kumi na mbili, nikachuja tui, nikakaa jikoni mpaka mafuta yakajitenga. Majirani wanacheka, ati dereva mzima na mbuzi ya nazi. Wacheke. Tangu mama yake afariki, mafuta ya Semeni napika mwenyewe. Mwanangu hatoki nje uso umepauka kama hana mtu.

Ila chunusi zake zimezidi. Paji lote, sasa mashavu. Nikamwambia, hujipaki vizuri, mvivu wewe, mtazame baba yako! Akanitazama tu.

Jumanne, 5 Juni

Nimepeleka machungwa ya Muheza mjini. Kurudi — Semeni yuko ndani, shule hakwenda. Wasichana wenzake wanamwamkia “Shikamoo, Fenesi.” Kwa vile vipele.

Mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani tukicheka wawili litapita. Nikamwambia, fenesi tamu mwanangu, watu wanaling'ang'ania! Akaingia chumbani akatia komeo. Chakula kimelala.

Alhamisi, 7 Juni

Jirani yetu Bi Shariffa kamwambia asugue kwa limao na mchanga laini. Semeni kaongeza na kumbi la nazi! Uso mwekundu, damu kidevuni. Miaka kumi na mitano, anajikwangua kama sufuria.

Nimempaka mafuta. Mengi.

Jumamosi, 9 Juni

Dispensari. Semeni kajifunika khanga mpaka macho. Nesi ni Anjela, binti wa watu waliokuja kukata mkonge, mdogo kwangu lakini hana mzaha. Kamgusa shavu, kanusa kidole.

“Baba Semeni, nani anampaka haya?”

“Mimi! Napika mwenyewe. Hupati safi kama yale Tanga nzima.”

“Ni safi. Ila acha.”

Ati kwa ngozi kama yake yanaziba vitundu, uchafu unabaki ndani, vipele vinaumuka. Aoshe uso asubuhi na jioni, maji na sabuni isiyo kali, kwa kiganja tu. Si dodoki, si kumbi, si mchanga. Apanguse kwa kitambaa chake peke yake. Foronya ifuliwe kila wiki. Asiminye, kuminya ndiko kunakoleta makovu. Na asitegemee kupona Ijumaa ijayo — ni miezi miwili, mitatu.

“Na wewe binti, si uchafu wako huu,” kamwambia. “Wala si uvivu.”

Nilitaka dunia inimeze. Badala yake nikabisha, ndiyo tabia yangu. Mimi nimepakwa hayo hayo tangu utotoni, nesi, sijatokwa hata na moja!

“Basi shukuru. Yeye si wewe.”

Njiani Semeni akasema, “Baba, nilikuwa najua. Lori lako lilipokwama Pangani zile siku kumi, sikupaka. Zikapungua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeacha kupika. Jumapili ndiyo siku unayokaa nyumbani ukaimba jikoni.”

Nilisimamisha lori pale pale barabarani, nikasema injini imechemka. Haikuchemka.

Jumapili, 10 Juni

Sikupika. Mbuzi ya nazi iko mlangoni. Mikono sijui niiweke wapi.

Jioni kaja Mwalimu Ruthi wa shuleni kwa Semeni. Kasema kwa upole, lakini kasema — Semeni asipofika kesho kengele ya kwanza, nafasi yake ya darasa la nane anapewa aliyekuwa akingoja. Hakuna nyingine mpaka mwakani. Na mwakani nani anajua?

Jumatatu, 11 Juni

Alfajiri. Nimemchotea maji, nimemwekea sabuni mpya na kitambaa chake. Ameosha. Amevaa. Kisha kajitazama kiooni, akarudi ndani, komeo.

Nimegonga. Nimemfanyia mzaha wa ngamia wa Aden, ule anaoupenda. Komeo liko pale pale. Nikasema, mwanangu, zitaisha.

“Baba, wewe huwezi kujua. Wewe una bahati.”

Alinena bila hasira. Ingekuwa hasira ningeimudu.

Nimekaa hapa chini ya mlango wake. Kengele bado nusu saa. Niandike kwanza, labda mdomo utafuata mkono.

Miaka saba ya chunusi. Tangu sauti ilipovunjika mpaka nilipoingia Keya, jeshi la Mwingereza. Nilikuwa napita vichochoroni nisikutane na watu. Marehemu mama yangu alinipaka mafuta kutwa mara mbili, naye kwa mapenzi. Jeshini nazi hakuna — sabuni na maji tu, asubuhi na jioni, kwa amri ya sajini. Zikakauka. Nikarudi na ndevu, nikamwoa mama yake Semeni nikiwa na ndevu, akafa hajaona kidevu changu. Vishimo viko humu chini ya ndevu, navigusa sasa hivi.

Nilijua tangu Jumamosi. Tangu nesi aliponusa kidole. Nikabisha.

“Baba? Uko hapo?”

Nipo, namjibu. Na mdomo umefuata mkono:

Bahati ya ngozi sina. Sijapata kuwa nayo. Ni uwongo.