Gauni la Mwanaidi

Jumamosi, Desemba 2017. Bertrams, Johannesburg.

Sitaki tena kulisikia neno outlet. Mume wangu anasema tumepoteza siku nzima ya likizo kwenye maduka, na ni kweli. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania twende. Mama amekuja kututembelea kutoka Tanga, hawezi kurudi mikono mitupu.

Alitaka kitu kimoja tu: sare ya wajukuu zake wawili, Salma wangu na Mwanaidi wa dada yangu kule nyumbani, waivae Idi. "Wako mbali, basi angalau wafanane," aliniambia.

Eish, nilisahau kwamba kwenye hizo outlet wanauza masalia ya viwandani. Gauni la bluu limebaki moja, la kijani ni la mtu mzima. Tukaingia duka hili, tukatoka lile, mama anaburuta miguu huku akisema hajachoka.

Mwishowe akapata mawili ya njano. Uso ukamkunjuka. Akamwekea Salma moja kifuani, akamwuliza, "Na hili lingine litamtosha Mwanaidi?"

Salma akanigeukia na Kiingereza chake: eti Mwanaidi ni nani?

Mama hajui Kiingereza, ila jina alilisikia. Akayakunja magauni taratibu, akalipa.

Kama safari ile ilikuwa na maana, sijui. Sasa hivi wamelala kitanda kimoja, mama anamtajia Salma majina ya ndugu zake wa Tanga. Salma anayarudia, anakosea.

Namsikia mama: "Tena."